Nilivyokaza Supape Siku ya Kwenda Ukweni

Afadhali niseme mwenyewe, kwa sababu nikinyamaza mtasikia kwa watu wa Musonoi na wao wataongeza chumvi: mimi ndiye yule kijana aliyesukumwa mgongoni na mama mkwe wake, kwa mikono miwili, mchana kweupe, barabarani, siku ileile ya kwenda kumwomba binti yake. Imepita miaka mitatu na bado nikikutana sokoni Manika na mmoja wa wanawake waliosukuma naye nageuka kutazama samaki wa chumvi kama mtu anayetaka kununua, na yeye ananipita akicheka peke yake. Na yote yalitoka kwa spana moja na nusu saa ya haraka.

Nilikuwa na pikipiki nyekundu, kuukuu, niliyouziwa na masista wa misheni walipopata gari. Mashine ya kuhesabu kilomita ilikuwa imekufa zamani, taa ilikuwa inawaka ikipenda, lakini injini ilikuwa nzima, nami niliipenda kuliko nilivyothubutu kumwambia mtu. Mimi ni mtu wa haya. Nikiwa juu ya pikipiki hakuna anayeningoja niseme neno, ninapita tu, na hiyo ilinifaa sana. Kila Jumapili nilikuwa naiendesha kutoka Manika (nakaa hapo, nafanya kazi kwa seremala) mpaka Musonoi, kambi ya watu wa mgodi, kumwona Mujinga, msichana niliyempenda (ni jina la kwao, si tusi). Baba yake, Tata Mukendi, alikuwa amefanya kazi mgodini miaka mingi, ni watu waliotoka Kasai tangu wakati wa babu. Sikufika nyumbani kwao, sikuthubutu, nilikuwa nasimama mbali, karibu na bomba la maji, na Mujinga alikuwa anakuja na ndoo, hata siku ambazo ndoo za nyumbani zote zilikuwa zimejaa.

Shida ilikuwa kelele. Kichwa cha injini kilikuwa kinagonga, tak tak tak tak, si kwa nguvu, lakini bila kupumzika, na wasichana wa bombani waliiita cherehani. Nilikuwa bado ng'ambo ya kilima na tayari walikuwa wanasema, "Mujinga, bwana ya mashini ya kushona anakuya, peleka nguo." Mujinga alikuwa anacheka nao, halafu siku moja hakucheka. Aliniambia polepole, "Ilunga, hauwezi kuifanya inyamaze hata kiloko?" Hakusema kwa ubaya, aliomba kidogo tu. Lakini neno lile nilienda nalo mpaka Manika na nikalala nalo.

Nikaenda kwa Tata Kalombo, fundi wa pikipiki, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Aliinama akaweka sikio, akasikiliza kama daktari, akasimama.

"Ni supape," akasema. "Na haina bugonjwa."

Supape, kwa wasiojua, ni milango miwili midogo ya chuma ndani ya kichwa cha injini, mmoja unaingiza hewa na petroli, wa pili unatoa moshi. Juu ya kila mlango kuna mkono mdogo wa chuma unaoushindilia ufunguke, na kati ya mkono na mlango lazima ibaki nafasi, nyembamba kama wembe, na hapo sisemi kwa mfano, Tata Kalombo alikuwa anaipima kwa wembe wa kunyolea kweli, uliokwisha makali, ambao alikuwa anautunza ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa.

"Unasikia vile inagonga?" akaniambia. "Inagonga juu ya nini? Juu iko na fasi. Fasi ikiwa mingi sana, itapiga kelele ya nguvu, tutapunguza. Lakini fasi ikiisha, haitagonga tena, na mulango haitafunga. Mulango ikibakia wazi, utakanyaga mupaka kesho, haiwake."

"Sasa tunaangalia wakati gani, Tata?"

"Ukibadilisha mafuta mara mbili, unaniletea. Ikianza kukatala kuwaka, unaniletea. Na unaileta asubuyi, unaisukuma na mikono, usiiwashe. Injini ilale usiku muzima, ipoe mupaka ndani. Ukifungula ikiwa na moto, chuma yote imevimba, wembe itakudanganya. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. (Kusikia nilisikia. Sitamsingizia mzee wa watu.) Akaniambia nikitaka aipime niilete Jumatatu, kwa sababu siku ile ilikuwa Jumamosi jioni na yeye Jumapili hagusi spana, anasali toka asubuhi mpaka jioni.

Lakini siku yenyewe ya kwenda ukweni ilikuwa kesho yake, Jumapili. Baba mdogo wangu, Tata Kasongo, alikuwa ameshuka kwenye treni mchana ule kutoka upande wa Kisenge, ambako anafanya kazi katika mgodi wa manganese, na alikuja kwa jambo moja tu: kunisemea kwa Tata Mukendi. Baba yangu alikwisha kufariki, na kijana hawezi kujisemea mwenyewe, na kwa mimi hata kama ingeruhusiwa nisingeweza. Baba mdogo alipewa ruhusa ya siku mbili. Jumatatu asubuhi treni, na ruhusa nyingine mpaka mwaka ujao. Na Tata Mukendi alikuwa amepeleka habari kwamba atatungoja Jumapili kabla ya king'ora cha zamu ya mchana, si baada yake. Watu wote wa Musonoi walijua kwamba mwaka uliotangulia kijana mmoja wa posta alikuja na wazee wake wanne baada ya king'ora, akakuta viti vimekwisha kuingizwa ndani na Tata Mukendi yuko uwanjani peke yake anamenya karanga. Hakuwafukuza. Aliwapa karanga, wakala, wakarudi kwao.

Basi Jumapili asubuhi nilimpeleka baba mdogo misa ya kwanza, nikamrudisha. Ni mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya shimo la mgodi, na aliposhuka alizunguka pikipiki mara moja, mikono nyuma.

"Mutoto wa ndugu yangu," akasema, "iyi kintu yako inashona nini?"

Hakuwa amesikia jina la bombani. Alilipata mwenyewe. Hapo nikaona kabisa jinsi tutakavyoingia Musonoi, tak tak tak, wasichana wamesimama na ndoo, wazee wa Kasai wameketi, na Mujinga anaangalia chini. Baba mdogo akaingia kula. Nikaangalia spana. Spana ikaniangalia.

Nilijua kufungua, maana nilikwisha kumwona Tata Kalombo akifanya. Unatoa vifuniko viwili vya kichwa, unazungusha injini polepole mpaka milango yote miwili iwe imefungwa, unalegeza nati, unakaza skrubu ndogo, unafunga tena. Injini ilikuwa imetoka kanisani sasa hivi na niliungua kidole cha kati, na hata kidole kile kikiniuma sikukumbuka neno la usiku mzima. Wembe sikuwa nao. Nikasema sikio litatosha. Nikakaza skrubu ya kwanza mpaka mkono ule wa chuma ukakaa juu ya mlango bila kutikisika hata kidogo, nikakaza ya pili vilevile, nikafunga, nikawasha.

Kimya. Yaani haikugonga tena, ilikuwa inanong'ona. Niliona fahari ambayo sijawahi kuiona, nikaiacha iwake pale uwanjani bila sababu ili majirani wasikie jinsi wasivyosikia kitu. Ilikuwa inapumua vibaya kidogo, kama mtu aliyekula sana, lakini nikasema ni petroli.

Tukaondoka mapema, muda ulikuwa mwingi. Nilijifunga taulo usoni kwa sababu ya vumbi na nikavaa miwani nyeusi ya kuchomelea vyuma niliyoazima (mtu yeyote aliyepita barabara ile wakati wa kiangazi, magari ya mgodi yakipita, anajua kwa nini). Baba mdogo nyuma yangu alikuwa amevaa shati kuukuu, na abakosi yake mpya, koti la heshima la kuvaa bila tai, iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, ilikuwa ndani ya mfuko, kwa maana alikataa kabisa kuifikisha mbele ya wakwe ikiwa na vumbi. Kitenge cha mama mkwe kilikuwa katikati yetu, ndani ya beseni jipya.

Juu ya kilima, pale unapoanza kuiona Musonoi yote na mashimo nyuma yake, kuna nyumba ya mtu aliyewahi kufanya kazi na baba mdogo. Tukasimama hapo avae. Nilifikiri ni dakika tano. Lakini mtu yule alileta maji ya kunawa, halafu munkoyo, kinywaji cha mahindi, halafu wakaanza kuulizana habari za kila mtu waliyemjua, nani amestaafu, nani amekufa, nani amepata mke wa pili na ana majuto, na baba mdogo alikuwa anafunga kifungo kimoja cha abakosi kwa kila habari. Mimi niliketi mlangoni. Sikuweza kumwambia mkubwa wangu aharakishe, ningemwambiaje. Pikipiki ilikuwa inapoa kivulini, taratibu, mpaka ndani.

Alipotoka alikuwa mzuri kweli, tumbo mbele, kalamu mfukoni. "Washa, twende, saa imefika," akasema.

Nikakanyaga. Mguu ulishuka mpaka chini bila kukutana na kitu, kama kukanyaga bukari ya jana, ugali uliolala. Nikakanyaga tena. Injini nzima ina ukaidi wake, inakusukuma mguu, lakini ile haikunisukuma, ilipiga pumzi tu, fff, na hapo nikasikia sauti ya Tata Kalombo kichwani mwangu, kila neno, mpaka wembe na kitabu cha nyimbo. Milango ilikuwa imebaki wazi. Chuma kimepoa, kimejikunja, na ile nafasi niliyoinyima kimekuja kuidai.

"Kuko nini?" baba mdogo akauliza.

"Kidogo tu," nikasema.

Baada ya makanyago arobaini nikaacha kusema kidogo. Ningekuwa na spana ningelegeza palepale, lakini spana ilikuwa Manika, juu ya jiwe, nilipoiacha nikiwa na fahari. Kutembea tungeweza, si mbali, ila baba mdogo alikuwa na viatu vipya vya kubana na kichwa kigumu zaidi ya viatu.

"Siwezi kuingia mu bukwe na miguu kama muntu wa kuuzisha karanga," akasema. "Ikisukumwa itawaka. Panda juu, ukamate usukani. Mi naenda kutafuta bantu."

Mbele yetu kulikuwa na kipande kirefu cha tambarare, halafu mteremko mpaka Musonoi. Nikapanda. Beseni la kitenge nililifunga nyuma yangu kwa mpira, mahali ambapo mtu angeshika kusukuma, na hilo ni kosa la pili, dogo, lakini lilizaa kubwa. Nilikuwa bado na taulo usoni na miwani nyeusi. Nikasikia baba mdogo kwa sauti yake ya mgodini akiita, "Bamama, mutusaidie, pikipiki imetulalia," na nikasikia vicheko vya wanawake na vishindo vya mabenchi yakituliwa chini.

Nikageuza kichwa kidogo. Walikuwa sita. Walikuwa wanatoka kanisani kuazima mabenchi ya kukalisha wageni, na yule wa mbele, mfupi, mwenye mikono minene na kitambaa cha njano kichwani, alikuwa Mama Ntumba, mama yake Mujinga.

Sasa lazima nieleze, kwa mtu asiyejua. Kwa watu wale (hata kwetu heshima hii iko, ila kwao ni kali zaidi), kijana na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai benchi moja, wakikutana njiani mmoja anapisha kando na kuangalia upande. Mujinga alinifundisha yote hayo bombani, na alinikaririsha kama katekista, mpaka nikajua. Mama yake alikuwa ananifahamu kwa mbali tu, kama doa jekundu karibu na bomba, na kwa sauti. Sauti ndiyo ilikuwa inanitambulisha Musonoi nzima. Na sauti nilikuwa nimeikaza mwenyewe kwa mkono wangu.

Baba mdogo naye hakuwa amemwona Mama Ntumba hata siku moja.

Nilitakiwa kuruka chini, kukimbia porini, kuanguka, chochote. Nilitakiwa kusema maneno mawili, "Mama, hapana." Nilifungua mdomo ndani ya taulo. Hakuna kilichotoka. Ninyi mnaosema kwa urahisi hamtaelewa, lakini kuna watu ambao neno likichelewa kidogo tu linakuta mlango umefungwa.

"Tunashika wapi? Nyuma kuko beseni," mmoja akasema.

"Tunashika muntu," akasema Mama Ntumba, na mikono ile miwili ikatua mgongoni mwangu.

Nilisikia joto lake kupitia shati. Mwili wangu wote ukawa kama ubao wa seremala. Wakaanza kusukuma, wakicheka, na yeye ndiye alikuwa anaongea zaidi.

"We kijana, uko mwepesi hivi, bibi yako anakulisha mboka ya majani tu?"

Nikainamisha kichwa juu ya usukani.

"Hana bibi huyu, hajaoa," akasema mwingine, "angalia shati, hakuna muntu anaishona."

"Usione haya, mutoto yangu. Sisi tuna mukwe anakuya leo, banasema ni wa haya sana, anaogopa hata kuku. Mwaka muzima anasimama pa bomba kama nguzo, hajafika hata siku moja kunisalimia na mbali."

"Pengine hana miguu," akasema wa tatu.

"Miguu iko. Mujinga anasema ni mutu muzuri. Mi nilimuuliza, muzuri namna gani, na haongei? Akaniambia, mama, haongei lakini anasikia." Akapumzika kidogo, akapumua, akanipiga kofi la kirafiki begani. "Bon, tutaona leo. Sukumeni."

Mpaka leo sijui kama nilitaka kulia au kucheka. Nilikuwa nimeambiwa neno zuri kuliko yote niliyowahi kuambiwa, na aliyeniambia alikuwa na mikono mahali isipotakiwa kuwa kamwe. Niliweka gia ya pili, nikaachia klachi, pikipiki ikatoa pumzi, fff fff, bila kuwaka, na kabla sijajua lolote tambarare ikaisha na mteremko ukaanza.

Pikipiki yenye injini nzima ukiitia gia kwenye mteremko inajizuia. Ile yangu, milango yake ikiwa wazi, haikuzuia kitu. Breki zake zilikuwa za kusaidia tu, si za kutegemea. Nikawaacha wanawake, nikamwacha baba mdogo (nikamsikia akiita, "Ningojee, nimevaa viatu vipya"), nikashuka Musonoi peke yangu, kimya kabisa, kama nilivyotamani, nikapita bombani, wasichana wakaniangalia bila kunijua, nikapita nyumba ya kwanza, ya pili, nikaona uwanja uliofagiliwa na wazee watano kwenye viti, na sikuwa na pa kukata. Gurudumu la mbele lilisimama kati ya miguu ya Tata Mukendi. Hakuisogeza. Alikuwa na kikombe mkononi na hakumwaga hata tone.

"Weye ni nani?" akauliza.

Nikavua miwani, nikavua taulo. Nyuma yangu wanawake walikuwa wanaingia mbio, mabenchi kichwani, na baba mdogo katikati yao akichechemea, na Mama Ntumba bado anacheka na kusema, "Imewaka? Imewaka?" Halafu akaniona uso. Akaniona mimi, akamwona Mujinga aliyetoka mlangoni na kushika kinywa. Akaangalia mikono yake mwenyewe. Benchi lilishuka polepole kutoka kichwani mwake, akageuka, akafunika uso na kitambaa kile cha njano na kukimbilia nyuma ya nyumba. Na hapo ndipo king'ora cha mgodi kikalia, kirefu.

Kwa saa, tulikuwa tumewahi. Kwa mengine yote sikuwa na hakika.

Wazee walituketisha. Baba mdogo alipoelezwa yule mama ni nani, jasho lilimtoka mpaka abakosi ile ikalala. Mzee mmoja, kaka yake Tata Mukendi, mwenye fimbo, ndiye aliyeanza.

"Siku imeharibika," akasema (mkwe kwao ni muku). "Kabla ya neno la kwanza, muku amegusa muku. Bifungeni bintu, murudie kwenu. Mwaka ingine mutakuya bizuri."

Mwaka mwingine. Nikamwangalia Mujinga, alikuwa ameegemea nguzo ya mlango na hakuwa anacheka tena, vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua pindo la kitenge. Mwaka ule mwingine ungekuwa na vijana wengine wenye wajomba wengi na pikipiki zinazowaka, hilo alilijua na mimi nililijua. Baba mdogo, mtu wa sauti, alikuwa hana sauti. Basi, sijui ilitoka wapi, nikasimama na kusema mwenyewe, jambo lisilofanywa.

"Ni mimi nilikosa. Nilimuona mama na sikusema. Nilikaza supape injini ikiwa na moto, juu nilitaka isimutie Mujinga haya."

Ndiyo hotuba niliyoitoa siku ya kuomba mke. Mzee wa fimbo akauliza supape ni kitu gani, Tata Mukendi, mtu wa mashine maisha yake yote, akamweleza kwa Kiluba, kwa vidole, na nikaona pembe ya mdomo wake inatikisika.

Kabla hajamaliza, sauti ya Mama Ntumba ikatoka nyuma ya nyumba, yeye mwenyewe hakuonekana.

"Tata Mukendi, nasikia banataka kuwarudisha. Sawa. Lakini mi nimeguswa haya. Mbuzi yangu ya haya iko wapi? Siende kulala bila kusikia nani atanilipa mbuzi."

Wazee wakatingisha vichwa kukubali, ni haki yake, mbuzi wa kufuta haya lazima. Mzee wa fimbo akasema ndiyo, kijana atalipa mbuzi ndipo aende. Na hapo baba mdogo wangu akapata sauti. Alisimama polepole, akavuta abakosi yake chini.

"Bazee, mi nataka kujifunza tu, juu kwetu tunafanya tofauti kiloko," akasema. "Kijana wa bule, wa njia, akiguswa na mama ya bantu, analipa mbuzi?"

"Hapana," akasema mzee wa fimbo. "Wa njia analipa ya nini? Mbuzi ya haya inalipwa na muku."

"Mbuzi tutalipa," akasema baba mdogo, na akaketi.

Mzee wa fimbo alifungua mdomo, akaufunga. Nyuma ya nyumba, naapa, nilisikia mtu akivuta pumzi ya mtu aliyeshinda. Tata Mukendi aliangalia ndani ya kikombe chake, halafu mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Ntumba amekwisha kutuuzisha," akasema. "Ameomba mbuzi ya muku. Sasa tutasema nini hapa, kama muku iko tayari? Letea bageni kinywaji." Akaniangalia mimi. "Lakini mbuzi itakuya na miguu. Sitaki kuiona juu ya ile kintu."

Mazungumzo mengine yaliendelea mpaka jioni kama yanavyoendelea kila mahali, na baba mdogo alipanda treni yake Jumatatu akiwa amevaa kandambili. Mimi nilisukuma pikipiki kwa mikono toka Musonoi mpaka kwa Tata Kalombo. Alifungua vifuniko, akajaribu kuingiza wembe wake, ukakataa hata ncha, akaniangalia juu ya miwani. Hakunitukana. Alilegeza skrubu, akapitisha wembe mpaka ukateleza kwa kushikwa kidogo tu, akanishikisha mimi mwenyewe nisikie jinsi unavyovutwa, mara tatu, halafu akaniambia niwashe. Ikawaka mara moja, na kelele yake yote. Nikasema sitagusa tena kichwa cha injini ambayo haijalala usiku mzima, na nikaongeza kwamba nikiona mtu ninayemjua nikiwa juu ya pikipiki nitavua taulo kwanza.

"Hiyo ya pili si kazi yangu," akasema Tata Kalombo.

Mujinga naye aliniuliza, Jumapili iliyofuata, "Ilunga, we ulishika spana na moyo gani?" nikacheka tu, akacheka na yeye.

Siku hiyo ndiyo niliyopeleka mbuzi. Nilitembea naye toka Manika, saa mbili nzima, maana kila magari ya mgodi yalipopita alikuwa analala chini na kukataa. Mama Ntumba alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mkono tu unaonekana. Nilikuwa nimenunua kamba ndefu sana, ndefu kuliko inavyohitajika kwa mbuzi yeyote, nikauweka mwisho wake kizingitini na kurudi nyuma hatua kumi, nikageuza uso upande kama inavyotakiwa. Kamba ikaanza kwenda ndani polepole, mbuzi akaifuata, na sauti yake ikasema, kwa ukuta, si kwangu, "Mwambieni muku yangu ale bizuri. Mugongo yake iko mifupa tu."